Shangazi, mdogo wangu ameacha unga lakini usiku halali

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Mbagala, nauza vitenge na madera pale Rangi Tatu. Nakuandikia kuhusu mdogo wangu, nimwite Zuhura ingawa si jina lake.

Zuhura ana miaka 29 na ametumia unga, yaani heroini, miaka mingi. Alianzia Magomeni kwa mwanaume aliyekuwa akiishi naye. Alimpa kokteli, yaani bangi iliyochanganywa na unga, akamwambia ni bangi tu, itamtuliza. Baadaye akaanza kujidunga. Shangazi, tumepitia yote. Mtungi wa gesi umeuzwa, simu ya mama imeuzwa, mimi nimemfuata maskani, kijiweni kwa watumiaji, usiku wa manane nikamkuta amelala juu ya boksi hajitambui. Tuliwahi kumpeleka kwenye nyumba moja ya upataji nafuu, wanakokaa wanaoacha unga, sitaitaja. Wanawake walikuwa watatu katikati ya wanaume, mlango wa chumba chao haukuwa na komeo, na aliyekosea alifungwa mnyororo. Akatoroka, na sisi tukamgombeza kwa kutoroka.

Sasa yapata miezi mitano yuko kwenye methadoni, dawa wanayopewa wanaoacha unga, kliniki ya Temeke. Kila siku anaenda, anakunywa dawa, anarudi. Unga hagusi. Ameanza kunawiri, hata kucheka anacheka. Tatizo ni usiku. Anataka taa iwake mpaka asubuhi. Akisikia mtu anapita koridoni, anakaa kitako kitandani. Siku moja mwanangu alimshika bega kwa nyuma ili amwombe chaja, Zuhura akapiga ukelele, akamsukuma mtoto mpaka akaangukia meza. Nikajua tu amerudi kwenye unga. Nikamweka chini nimhoji, ndipo akaniambia.

Alipokuwa na miaka 11 alipelekwa Morogoro kwa mama mkubwa akasome. Mume wa mama mkubwa, ambaye sote tunamwita baba mkubwa, alikuwa akimwingilia usiku mama mkubwa akiwa zamu kazini. Iliendelea hivyo mpaka alipomaliza la saba. Hakumwambia mtu. Ananiuliza, angemwambia nani wakati ada ya kaka yetu alikuwa analipa mzee huyohuyo?

Kaka anaoa mwezi ujao, na baba mkubwa ndiye mwenyekiti wa kamati ya harusi. Imepangwa afikie kwangu kwa kuwa nina chumba cha ziada. Mama, ambaye hajui lolote, anataka Zuhura ampokee, amsalimie kwa adabu, akae kwenye picha ya familia, watu waone kuwa amepona. Kaka naye anasema methadoni ni unga wa serikali. Anataka Zuhura aiache kabla ya harusi, na akileta usumbufu afungiwe ndani wiki mbili atoke msafi.

Zuhura ana binti wa miaka 7. Nimemlea mimi tangu hajatambaa, ananiita mama, na mama yake anamwita kwa jina. Juzi Zuhura kaniuliza lini nitamrudishia mwanawe. Sikuwa na jibu.

Shangazi, nimwambie mama? Harusini aje au asije? Na huku kutolala kutaisha lini? Mama mkubwa alishafariki, mzee sasa anaishi na mke mwingine na mjukuu wake wa kike aliye darasa la tano, kwa hiyo ugomvi ukitokea hakuna hata mkubwa wa kutusuluhisha.

Mimi dada mtu, Mbagala.

*

Marahaba, mwanangu. Pole sana, na mfikishie Zuhura pole yangu.

Naanza na jambo ulilolipitisha haraka mwishoni ukiwaza habari ya usuluhishi. Huyo mzee anaishi na mtoto wa kike wa darasa la tano. Zuhura ni mtu mzima, yuko kwenye matibabu, na anaye wewe. Yule mtoto ana karibu umri ule ule aliokuwa nao Zuhura alipopelekwa Morogoro, na hatujui ana nani.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa pale haki za mtoto zinapovunjwa. Hutakiwi uwe na ushahidi mkononi. Ukiwa na sababu ya kuhofia, inatosha kumfikia afisa ustawi wa jamii au kupiga 116, simu ya huduma kwa mtoto, ambayo haina malipo. Kuchunguza ni kazi yao. Unaweza kueleza hofu yako bila kulitaja jina la mdogo wako.

Lakini kabla hujapiga, kaa na Zuhura. Asije akasikia kwa watu kwamba siri yake imefika ofisini. Mwambie hivi: kuna mtoto kule, siwezi kunyamaza, nataka kujua wewe unataka kutajwa au usitajwe kabisa. Ulinzi wa mtoto usiwe ombi kwake, maana ukimwachia yeye uamuzi huo utakuwa umemtwisha mzigo wa pili. Anachoamua yeye ni jina lake litumike au lisitumike. Kuna uwezekano akalia, na kuna uwezekano akapata nguvu ambayo hujawahi kuiona kwake. Wanawake wengi walionyamaza miaka yao yote hufungua mdomo kwa ajili ya mtoto mwingine.

Akitaka siku moja kushtaki kwa yaliyompata yeye, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi lipo, na kuna vituo vya Mkono kwa Mkono kwenye baadhi ya hospitali, ambako daktari, polisi na ustawi wa jamii wanapatikana mahali pamoja ili mtu asirudie kisa chake kila dirisha. Wakati wa kwenda auchague yeye. Nimeona waliosimama wima baada ya kushtaki, na nimeona waliovunjika kwa sababu ndugu waliwasukuma kutoa maelezo wakati hata usingizi hawajaupata.

Sasa harusi. Baba mkubwa hafikii kwako. Hapo sina "labda" wala "inategemea". Nyumba yako ndiyo mahali pekee ambapo Zuhura ameanza kulala japo kidogo, na chumba cha ziada kiko kwenye koridoni ileile anayoisikilizia nyayo. Huna haja ya kutoa sababu ya kweli. Chumba kina wageni wa upande wa mume wako, au choo kimeharibika, au mtoto ana surua. Kamati ya harusi inaweza kumtafutia mwenyekiti wao gesti. Wakikununia, wakununie wewe. Wewe una mabega ya kubeba nuno la mwezi mmoja.

Kuja au kutokuja harusini ni juu yake, na amua naye mapema, si asubuhi ya siku yenyewe mkiwa mnapakwa hina. Akitaka kuja, asimpokee mtu mizigo, asilazimishwe shikamoo, na meza yake iwe karibu na mlango pamoja na mtu anayejua kwamba akisema "twende" wanaondoka bila maswali. Mtu huyo awe na nauli ya bodaboda mkononi. Asipotaka kuja, mjibu mama kwamba Zuhura yuko kwenye dawa na daktari hapendi akae kwenye makelele mpaka usiku. Picha ya familia itapigwa bila yeye. Mama anataka watu waone amepona, na ninamwelewa, ameaibishwa mtaani miaka mingi. Ila anachokiomba, bila kujua, ni binti yake amuinamie aliyemharibu.

Kuhusu kumwambia mama: hapana, mpaka Zuhura aseme ndiyo. Hiyo si habari yako, hata kama inakuchoma. Aliyefanyiwa vile akiwa mtoto alinyang'anywa uamuzi juu ya mwili wake. Ukimnyang'anya na uamuzi juu ya habari zake, hata kwa nia njema, unamrudisha palepale. Siku akikubali, muulize anataka aseme mwenyewe wewe ukiwa pembeni, au useme wewe yeye akiwa hayupo.

Unaniuliza kutolala kutaisha lini. Nikueleze kwanza kunatoka wapi, kwa sababu ulipoona ameshtuka ulidhani unga umerudi, na ninaamini ndugu wengi wanadhani hivyo.

Heroini ni jamii moja na mofini, dawa wanayopewa wagonjwa wenye maumivu makali. Huua maumivu ya mwili, na huzima hofu vilevile. Msichana aliyekaa usiku mwingi akisikiliza kitasa cha mlango, anapovuta ile kokteli ya kwanza Magomeni, huenda ndiyo mara yake ya kwanza tangu Morogoro mwili kutulia. Yule mwanaume alimdanganya kuhusu kilichomo, ila kwamba ingemtuliza hakudanganya. Ndiyo maana aligombezwa, akapigwa, akafungwa, na bado akarudi kuitafuta. Sasa ameiacha. Kila kilichokuwa kimezimwa kinawaka kwa pamoja: koridoni, giza, mkono begani. Hicho ndicho kiwewe, na kinatokea sana kwa wanawake wanaoacha unga. Kama hakitatibiwa, ndicho kitakachomrudisha maskani, hata awe anaipenda familia yake vipi.

Kwa hiyo usiku wake ni sehemu ya matibabu kama ilivyo dawa ya asubuhi. Mwekee komeo la ndani, la kufunga na kufungua mwenyewe. Taa iwake, bili ya umeme tutaizungumza siku nyingine. Watoto wafundishwe kwamba mama mdogo haguswi kutokea nyuma. Wamwite jina wakiwa mbali, wasubiri ageuke. Msiwaambie sababu, waambieni tu anashtuka upesi. Akiamka usiku amepagawa, usimkumbatie kwa nguvu na usianze kumuuliza ameota nini. Washa taa, kaa pale anapokuona, sema jina lake na jina lako, sema uko Mbagala, ni usiku wa Jumanne, mlango umefungwa na ufunguo anao yeye. Mpe maji ya baridi ashike kikombe. Mwambie akutajie vitu anavyoviona chumbani: feni, ndoo, pazia la maua. Inaonekana kama mchezo wa watoto, lakini akili iliyokimbilia Morogoro hurudi Mbagala kwa njia hiyo. Vumilia. Wengine hupata nafuu ndani ya miezi, wengine huchukua miaka, na usiku mbaya mmoja haumaanishi kwamba yote yameharibika.

Pale kliniki mwambie aombe mshauri nasaha wa kike, amweleze tu kwamba halali na anashtuka. Si lazima asimulie kisa chote siku ya kwanza, wala ya kumi. Mshauri mzuri hatamchimba. Atamfundisha kwanza namna ya kujituliza, na kisa kitakuja kwa mwendo wake. Na muulize anatembea na nani kwenda kliniki. Foleni ile ina wanaume wengi, baadhi yao walimjua maskani, na mapusha, wauzaji wa unga, wanajua saa za dawa. Akipata mwanamke mwenzake wa kwenda na kurudi naye, nusu ya majaribu inapungua. Nauli mpe ya siku kwa siku, mkikubaliana wote wawili, ili asibebe hela nyingi mbele ya watu wale.

Nikija kwa kaka yako. Msomee aya hii ukipenda. Muhimbili ilianza kutoa methadoni mwaka 2011, ikafuata Mwananyamala, kisha Temeke. Unga hukaa mwilini saa chache, ndiyo maana mtumiaji huhangaika asubuhi, mchana na usiku kukimbia arosto, yale mateso ya mwili ukiukosa. Methadoni hukaa siku nzima na zaidi. Dozi inayomfaa ikishapatikana haimleweshi, inamwondolea arosto na ile hamu, akaweza kupika, kufanya kazi, kumsikiliza mwanawe. Anainywa mbele ya muuguzi, haidungwi, haiuzwi kwenye kete, vile vipakiti vya unga. Ni tiba ya miezi mingi na kwa wengine ya miaka. Kupunguza dozi ni jambo la yeye na daktari, taratibu, akiwa ametulia. Tarehe ya harusi ya mtu mwingine haihusiki.

Na kumfungia wiki mbili kunaweza kumuua. Nasema hivyo nikimaanisha. Mtu akikatishwa methadoni, mwili husahau upesi kiwango ulichokuwa umezoea. Siku akitoka, na arosto imemtesa, akinunua kete ileile aliyoizoea zamani, pumzi inaweza kusimama. Hata nyinyi mnaoishi naye jueni dalili: hatikisiki ukimwita, anakoroma kwa namna ya ajabu, midomo imekuwa ya kijivu au bluu, mboni za macho zimesinyaa sana. Mlazeni ubavu, msimmiminie maji wala maziwa mdomoni, mkimbizeni hospitali mseme wazi ametumia nini. Ipo dawa ya kuirudisha pumzi, inaitwa naloxone, lakini inataka mgonjwa afike mapema. Pombe na vidonge vya usingizi vya dukani visikae kabisa karibu na mtu aliye kwenye methadoni, hata kama mnamwonea huruma kwa kutolala.

Wanawake hawaambiwi vya kutosha jambo hili. Unga huvuruga hedhi, wengine huona hawapati siku zao na kuamini hawawezi kushika mimba. Wakianza tiba, siku hurudi na mimba huja bila kutarajiwa. Zuhura aulizie uzazi wa mpango akitaka. Na ikitokea amepata mimba, asiache methadoni kwa kudhani anamlinda mtoto. Kukatisha ghafla kunaweza kuharibu mimba, ilhali kuendelea na dawa chini ya uangalizi ndiyo tiba inayoshauriwa. Pia, kama anatumia dawa za TB au ARV, kliniki ya methadoni lazima ijue, kwa sababu baadhi yake, hasa rifampicin, hupunguza nguvu ya methadoni, mtu akahisi arosto na nyumbani mkadhani anawadanganya.

Ile nyumba mliyompeleka, mwombe radhi kwa kumgombeza. Mwanamke aliyebakwa anawekwa kwenye chumba kisicho na komeo katikati ya wanaume, halafu anaambiwa kukimbia ni utovu wa nidhamu? Alichofanya ni kujiokoa. Nyumba nyingi za upataji nafuu zilianzishwa na wanaume waliopona, kwa ajili ya wanaume wenzao. Kazi yao naiheshimu, ila mwanamke ana mahitaji mengine. Kama mtahitaji tena nyumba ya aina hiyo, ulizeni kabla ya kulipa: usiku analala mlezi wa kike? Wanawake wana jengo lao? Mtoto anaruhusiwa kumtembelea mama yake? Wanapiga au wanafunga watu? Wanamruhusu aendelee na methadoni? Jibu moja likikutia shaka, rudi nyumbani na mtu wako. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ina namba ya bure, 119, unaweza kuuliza kuhusu tiba na vituo.

Imebaki habari ya mtoto. Ulikosa jibu kwa sababu swali lenyewe lina pande mbili: wewe umekuwa mama yake kweli, na Zuhura ni mama yake kweli. Usimwambie "ukipona kabisa", maana hiyo tarehe haipo na ataisubiri kwa uchungu. Mpe sehemu ndogo ya umama sasa hivi, iliyo yake na ambayo humwingilii. Kumsuka nywele, kwa mfano, kila Jumamosi, au kumpeleka shule asubuhi akipitia kliniki. Sehemu hiyo ikishika, ongeza nyingine. Mtoto akiendelea kumwita kwa jina, msimlazimishe abadilishe. Usiku mtoto alale chumbani kwako mpaka usingizi wa Zuhura utulie, na mweleze Zuhura kwamba hiyo si adhabu: mtu akishtuka gizani anaweza kumwumiza mtoto bila kutaka, kama ilivyotokea kwa mwanao, na hilo likitokea kwa binti yake mwenyewe hatajisamehe.

Usimuahidi mwezi wala mwaka wa kumchukua. Muahidi kwamba hutamhamisha mtoto wala kumfanyia uamuzi mkubwa bila yeye kuwepo kwenye mazungumzo.

Piga 116 wiki hii, ukishazungumza na Zuhura. Kisha niandikie walikujibu nini kuhusu yule mtoto wa Morogoro.

Shangazi